Ukungu wa Akili Wakati wa Tiba ya Saratani na Baada Yake: Maelezo kwa Watumishi wa Sharika na Ndugu wa Wagonjwa

1. Utangulizi

Zamani katika vijiji vya Bukoba na Muleba neno saratani lilipotajwa, ukoo ulianza kujiandaa kwa msiba. Leo hali imebadilika kwa kiasi. Wapo watu katika karibu kila usharika mkubwa waliopelekwa Mwanza au Dar es Salaam, wakapewa dawa kwa miezi kadhaa, na kurudi nyumbani wakiwa hai. Nywele zao zimeota tena. Wanaonekana ibadani, wanaonekana sokoni, na watu humshukuru Mungu kwa ajili yao.

Hata hivyo, wengi wao hurudi na shida ambayo haionekani kwa macho. Mwalimu aliyekuwa akiwajua wanafunzi wake wote kwa majina sasa anasimama mbele ya darasa akitafuta jina la mtoto mmoja. Mama anaweka chungu motoni, anatoka kuchuma mboga, na kukumbuka chungu pale tu harufu ya ndizi zilizoungua inapomfikia. Mzee wa kanisa anaanza hoja katika kikao na kusahau alikokuwa anaelekea. Wagonjwa wenyewe husema wanahisi kama wingu limeingia kichwani. Katika makala hii tutaiita hali hiyo ukungu wa akili.

Makala hii ina hoja moja. Ukungu huo ni matokeo ya ugonjwa na tiba yake. Si wazimu, si uchawi, si uzembe, wala si upungufu wa imani. Na namna nyumba na usharika zinavyoupokea ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kama mgonjwa ataendelea kuwa mtu kamili kati ya wenzake au atanyang'anywa sauti yake angali hai.

2. Tiba yenyewe na safari zake

Tiba tunayoizungumzia huitwa tibakemia, yaani matumizi ya dawa kali zinazoua seli zinazogawanyika kwa haraka. Historia yake katika eneo letu haiko mbali nasi. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi wa Afrika Mashariki. Kwa kuwa Mulago haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt na wenzake walijaribu dawa, na baadhi ya watoto waliokuwa wakingojea kufa walipona. Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo kituo cha tiba ambacho kilikua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Basi mojawapo ya mahali ambapo ulimwengu ulijifunza kuwa dawa peke yake zinaweza kuponya saratani liko ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula.

Kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road iliundwa kisheria mwaka 1996, katika majengo ya hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, sasa inatoa tibakemia na tiba ya mionzi. Hiyo imewapunguzia watu wa Kagera safari ya kwenda pwani. Lakini kutoka Bukoba hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilometa 400, na dawa nyingi hutolewa kwa mizunguko, kwa kawaida kila baada ya wiki tatu, kwa miezi minne hadi sita. Mgonjwa wa Kamachumu au Nshamba hupanda basi au meli akiwa dhaifu, hulala ugenini, hupokea dawa, na kurudi. Tunataja safari hizi kwa sababu uchovu wake, gharama zake na usiku wake usio na usingizi ni sehemu ya ukungu tunaoueleza.

3. Ukungu wa akili ni nini?

Ukungu huu haumfanyi mtu apoteze utu wake wala asiwatambue watoto wake. Unagusa kazi fulani za akili, na zilizo muhimu ni nne.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya mambo mapya. Mgonjwa anakumbuka vizuri harusi yake ya miaka 30 iliyopita, lakini hakumbuki alichoagizwa asubuhi. Ya pili ni uwezo wa kukaza fikira: mahubiri ya dakika 40 yanampita, na kitabu anakisoma ukurasa mmoja mara tatu. Ya tatu ni kasi: jibu analo, ila linachelewa kufika ulimini, na mara nyingi anayemwuliza amekwisha kukata tamaa na kumjibia. Ya nne ni kushika mambo mawili au matatu kwa pamoja, kama vile kupika huku akimsikiliza mtoto na kuhesabu chenji ya mafuta ya taa.

Katika jamii ya Wahaya, ambamo salamu hutofautiana kufuatana na umri na uhusiano wa wanaosalimiana, kuchelewa huku ni jambo zito kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Anayesahau jina la shemeji yake msibani, au anayemsalimu mkubwa kwa salamu ya mdogo, huonekana ana dharau. Ndiyo maana wagonjwa wengine huanza kukwepa misiba na harusi. Watu husema ameanza kujitenga, kumbe anaogopa kuaibika.

Kwa muda mrefu malalamiko haya hayakusikilizwa na waganga. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Kati ya waliopewa dozi kubwa sana za dawa, asilimia 32 walionekana na upungufu katika vipimo vya akili; kati ya waliopewa dozi ya kawaida, asilimia 17; na kati ya wanawake wenye saratani ambao hawakupewa dawa hizo, asilimia 9. Uchunguzi mwingine mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwalinganisha wanawake 581 waliopata tibakemia kwa saratani ya matiti na wanawake 364 wasiokuwa na saratani. Miezi sita baada ya tiba, zaidi ya mmoja kati ya kila watatu waliotibiwa alieleza kuwa akili yake imeshuka kuliko kabla ya tiba. Kwa wasio na saratani alikuwa karibu mmoja kati ya saba.

Takwimu hizi zina mafunzo mawili. Shida ni ya kweli na inapimika. Pia si wote wanaoipata, na hata wenye afya husahau. Kwa hiyo tusimtangazie kila mgonjwa kuwa akili yake itaharibika. Kwa walio wengi ukungu huwa mzito katika siku za kwanza baada ya kila dozi, huongezeka kidogo kadiri mizunguko inavyoendelea, na huanza kuinuka katika miezi inayofuata mwisho wa tiba. Kwa baadhi hudumu mwaka au zaidi.

4. Sababu zake

Ingekuwa rahisi kusema kuwa dawa ndizo zenye kosa, lakini sababu ni nyingi na hufanya kazi pamoja.

Dawa zenyewe zina sehemu yao. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha, kwa kuwachunguza panya, kwamba dawa iitwayo methotreksati huziamsha seli za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo, na seli hizo zikishaamka huvuruga utengenezaji wa utando unaofunika nyuzi za neva. Utando huo ukipungua, ujumbe husafiri polepole. Si kila dawa ya saratani hufanya hivyo, lakini mfano huu unasaidia kueleza kwa nini mgonjwa anaweza kuwa mzito wa fikira hata baada ya dawa kutoka mwilini.

Saratani nayo inachangia. Wagonjwa kadhaa wameonekana na upungufu wa kumbukumbu hata kabla ya kupewa dozi ya kwanza. Mwili unaopigana na uvimbe hutoa kemikali za uvimbe na homa ambazo huulegeza ubongo, kama vile mtu mwenye malaria asivyoweza kufikiri sawasawa.

Kisha yako mambo yanayoandamana na tiba. Upungufu wa damu huunyima ubongo hewa safi. Deksamethasoni, dawa inayotolewa ili kuzuia kutapika, humkosesha mtu usingizi. Mofini ya maji, ambayo ni msaada mkubwa kwa wenye maumivu, huleta usingizi hasa katika siku za mwanzo. Wanawake wengi hukatikiwa na hedhi mapema kwa sababu ya dawa, na mabadiliko hayo huleta joto la ghafla usiku, kukosa usingizi na kusahau. Hofu na huzuni huchukua nafasi kubwa katika akili: anayehesabu usiku kucha jinsi atakavyolipa nauli ya safari ijayo hana nguvu iliyobaki ya kukumbuka mstari wa wimbo.

Katika Kagera lipo jambo jingine la kuzingatia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na baadhi ya saratani, kama ile ya Kaposi na ya mlango wa kizazi, huwapata zaidi wenye virusi hivyo. Virusi vya UKIMWI visipodhibitiwa vinaweza navyo kuathiri kumbukumbu. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kuendelea na dawa zake zote bila kukatisha, na kila daktari anayemtibu ajue zile anazopewa na mwenzake.

5. Mambo yanayofanana na ukungu

Mtumishi wa usharika si mganga, lakini akijua tofauti chache anaweza kuokoa maisha.

Ukungu wa kawaida huja polepole. Mtu anayechanganyikiwa ghafla, asiyejua yuko wapi, anayezungumza maneno yasiyoeleweka au anayesinzia kiasi cha kutoamka vizuri, hana ukungu huu: huyo ni mgonjwa wa dharura. Vivyo hivyo anayeumwa kichwa kikali kisichokoma pamoja na kutapika, anayepata degedege, au anayelegea mkono au mguu upande mmoja. Uvimbe unaweza kuwa umefika kwenye ubongo, au chumvi za mwili zimevurugika.

Homa inastahili kutajwa peke yake. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, na upungufu huo kwa kawaida huwa mkubwa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Mgonjwa wa tibakemia mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi asipewe panadoli na kulazwa nyumbani kwa kudhaniwa ana malaria tu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na ndugu wataje mara moja kuwa anatumia dawa za saratani na siku aliyopata dozi ya mwisho. Anayekaa Kamachumu asingoje basi la Mwanza. Hospitali ya Ndolage iko jirani, kama vile Rubya na Kagondo zilivyo jirani na wengine wa Muleba, na hospitali ya rufaa ya mkoa ilivyo kwa wa Bukoba mjini. Huko ataanzishiwa huduma na kupewa rufaa ikihitajika.

Yako pia yasiyo ya hatari lakini hupotosha. Sisplatini, dawa inayotumika sana pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, inaweza kupunguza usikivu. Anayeonekana kusahau alichoambiwa huenda hakukisikia. Vinkristini na paklitakseli hutia ganzi vidoleni, na mwandiko wa mgonjwa ukiharibika watu hudhani ni akili iliyoharibika. Huzuni nzito inayomnyima mtu hamu ya chakula, usingizi na watu kwa wiki nyingi ina tiba yake, na inafaa aelezwe daktari.

6. Mambo yanayosaidia

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa ukungu huu. Anayeuza dawa ya kusafisha ubongo, iwe ya dukani au ya mizizi, anauza matumaini. Tena baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali, kwa hiyo mgonjwa amweleze daktari kila anachokunywa. Msaada wa kweli umo katika mambo madogo yanayorudiwa kila siku.

La kwanza ni daftari. Daftari moja tu, la ukubwa wa kuingia mfukoni au kwenye mkoba. Humo ziandikwe siku za kliniki, majina ya dawa na saa zake, deni, ahadi na majina ya watu. Vipande vingi vya karatasi huongeza vurugu. Asiyejua kuandika amtumie mtoto wa shule, au atumie alama: kokoto mbili kikombeni kwa vidonge viwili vya siku, moja itolewe kila kidonge kinapomezwa. Simu ya mkononi inayolia saa ya dawa inafaa pia.

La pili ni mahali pa kudumu pa kila kitu. Ufunguo uwe kwenye msumari uleule. Kadi ya kliniki, kadi ya bima na nauli vikae katika bahasha moja, na mtu wa pili katika nyumba ajue ilipo.

La tatu ni kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Wakati chungu kiko motoni mgonjwa akae jikoni, na wengine waende shambani. Mazungumzo ya maana yafanyike redio ikiwa imezimwa. Kazi nzito ya akili, kama kupiga hesabu za kahawa iliyouzwa katika chama cha msingi, ifanyike katika saa za uchangamfu, ambazo kwa wengi ni za asubuhi.

La nne ni kutembea. Kutembea kila siku kwa kadiri ya nguvu kumethibitishwa kupunguza uchovu wa saratani, na upo ushahidi kwamba kunasaidia na akili. Mwendo wa kwenda mpaka mwisho wa kibanja na kurudi unatosha kwa kuanzia. Palizi nyepesi inafaa, lakini katika wiki ambazo damu iko chini panga na jembe viachwe, kwa maana kidonda kidogo huweza kuleta maambukizo makubwa. Wenye saratani iliyofika kwenye mifupa waulize kwanza daktari kabla ya kubeba mzigo.

La tano ni usingizi. Kulala mchana kusizidi nusu saa. Wageni wa usiku wapunguzwe, hata kama wamekuja kwa upendo. Mila yetu ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna ni nzuri, ila mgonjwa aitafune asubuhi, maana kahawa ya jioni humfukuzia usingizi. Rubisi na konyagi huongeza uzito wa akili na huchosha ini ambalo tayari lina kazi ya kuzichuja dawa.

La sita ni kuitumia akili bila kuilazimisha. Kuimba sauti yake katika kwaya, kucheza bao, kumfundisha mjukuu kusoma, kushona mkeka: yote hayo ni mazoezi. Mwimbaji aliyesahau maneno asiondolewe kwenye kwaya, apewe karatasi. Mwalimu anayerudi kazini aombe, ikiwezekana, vipindi vichache katika muhula wa kwanza.

Kwa ndugu wa mgonjwa ushauri ni mfupi. Mwambieni jambo moja, kisha ngojeni. Msimmalizie sentensi zake. Msimwulize mbele za watu, "Umesahau tena?" Anapokwenda kliniki afuatane na mtu wa kusikiliza na kuandika, maana maelezo ya daktari hutolewa katika saa ambayo mgonjwa ana uwezo mdogo wa kuyashika. Wala msifanye mzaha na neno kichaa. Mzaha huo hukaa kijijini muda mrefu kuliko ukungu wenyewe.

7. Kibanja, wosia na sauti ya mgonjwa

Hapa tunafikia jambo ambalo wachungaji na wainjilisti hukutana nalo mara nyingi na ambalo halijaandikwa vya kutosha. Kibanja kwa Mhaya si shamba tu. Ni makaburi ya wazee, ni jina la ukoo, na ni akiba pekee ya familia nyingi. Tiba ya saratani ni ya gharama. Mara nyingine mgonjwa hutaka kuuza sehemu ya kibanja ili alipie matibabu, au kuandika wosia ili mke na mabinti wasifukuzwe. Ndipo hutokea ndugu anayesema: "Huyu dawa zimemharibu kichwa; neno lake si neno." Na hutokea wa upande wa pili, anayemwekea mgonjwa karatasi mbele yake siku mbili baada ya dozi na kumshika mkono atie dole gumba.

Wote wawili hukosea, ingawa kwa njia tofauti. Ukungu wa akili peke yake haumwondolei mtu haki ya kuamua mambo yake. Kusahau jina la jirani si sawa na kutoelewa maana ya kuuza shamba. Wasomaji wa Muleba wanaikumbuka kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliyoanzia katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha na kufika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia alikuwa na haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Haki iliyopatikana kwa taabu hiyo isirudishwe nyuma kwa kisingizio cha dawa. Mjane aliyetibiwa saratani ndiye aliye rahisi kuliko wote kuambiwa kuwa hana akili.

Kwa upande mwingine, uamuzi mzito unahitaji siku nzuri. Mtumishi anayeitwa kushuhudia anaweza kufuata utaratibu huu. Shughuli isifanyike katika siku za karibu na dozi, bali katika wiki ya mwisho kabla ya dozi inayofuata, na ikiwezekana asubuhi. Mgonjwa aulizwe kwanza faraghani, pasipo wale watakaofaidika. Aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachomiliki, anataka kumpa nani, na kwa nini. Arudiwe baada ya siku chache na kuulizwa yale yale bila kukumbushwa. Akisema lile lile, ni ushahidi mzuri wa nia yake. Karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kihaya kama ndiyo lugha anayoielewa zaidi. Mashahidi wawe wale wanaotakiwa na sheria. Panapokuwa na dalili ya ugomvi, daktari anayemtibu aombwe aandike maneno machache juu ya hali ya akili yake. Lililo bora kuliko yote ni kuandika wosia kabla ya dozi ya kwanza, na mchungaji asione haya kulitaja hilo mapema.

8. Uangalizi wa kiroho

Mkristo mwenye ukungu wa akili huumizwa na jambo ambalo mara nyingi halisemi: hawezi tena kuomba kama zamani. Anaanza sala na kupotea katikati. Baba Yetu, aliyoijua tangu utotoni, inakatika mahali asipotegemea. Anajiuliza kama Mungu amemwacha au yeye amemwacha Mungu. Na akikutana na mhubiri anayemwambia kuwa mwenye imani ya kweli hasahau, jeraha linakuwa kubwa zaidi.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yana jibu thabiti hapa. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther akieleza sehemu ya tatu ya Imani, anafundisha kwamba hakuna awezaye kumjia Kristo kwa akili yake mwenyewe wala kwa nguvu zake, ila kwa kuitwa na Roho Mtakatifu. Mara nyingi tumelifundisha hilo dhidi ya kiburi cha wenye akili timamu. Tulifundishe pia kuwa faraja ya wale ambao akili zao zimechoka. Ikiwa imani haikuletwa na ukali wa akili, haiwezi kuondolewa na ukungu wake. Luther mwenyewe alilijua jambo hili mwilini: mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, aliwaandikia rafiki zake kuwa mngurumo kichwani mwake ulimzuia kusoma na kuandika.

Maandiko yako upande huo huo. Warumi 8:26 inamtaja Roho anayeomba mahali ambapo sisi hatujui la kusema. Isaya 49:15 inaweka kumbukumbu kwa Mungu: hata mama akisahau, Yeye hasahau. Na katika Marko 2 mtu aliyepooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake, bali alibebwa na wanne. Imani iliyotazamwa pale ilikuwa yao pia.

Kutokana na hayo, mazoea machache ya kichungaji yanafaa. Ziara iwe fupi, dakika 15 au 20. Lisomwe andiko moja, si matatu, nalo liandikwe kwenye karatasi na kuachwa kitandani. Itumike liturgia iliyozoeleka na nyimbo za zamani, kwa maana kilichoshikwa tangu utoto hukaa mahali ambapo ukungu haufiki kwa urahisi. Mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba anapokatika, wengine wataendelea kuomba kwa niaba yake. Sakramenti isicheleweshwe kwa kungoja siku atakayoweza kujibu maswali. Na aliyekuwa na huduma katika usharika asivuliwe kimyakimya. Apewe sehemu ndogo anayoiweza, kama kusoma somo moja alilolipokea mapema.

9. Hitimisho

Tumeona kuwa ukungu wa akili una sababu zinazojulikana, kwamba mara nyingi hupungua kwa muda, na kwamba msaada wake hauhitaji fedha nyingi: daftari, usingizi, mwendo wa kila siku, ndugu mwenye subira, na shahidi mwaminifu panapoandikwa wosia. Tumeona pia dalili zisizostahili kungojewa, na homa ni ya kwanza kati yake.

Mara nyingi usharika hupokea tangazo kuwa fulani amemaliza dawa na amerudi, watu wakashangilia, na ziara zikakoma juma hilohilo. Lakini ni katika miezi inayofuata, nyumbani, kati ya chungu na daftari, ndipo mgonjwa anapogundua kiasi cha ukungu alichorudi nacho. Wazee wa kanisa waandike jina lake katika orodha ya kutembelewa kwa mwaka mmoja zaidi.